Desimali Kwanza

Pumzi zako ziache nje, Nachunga.
Kibanda hiki cheupe si kabati la vyombo.
Kimepasuliwa mbavu ili upepo upite
na jua libaki nje, libishe lisifunguliwe.
Mlango unatazama kusini, kule bonde la Ruvuma,
kwa kuwa miezi mingi jua la Newala hupita kaskazini
na halina adabu ya kubisha hodi.

Kunja magoti kidogo, wewe mrefu.
Jicho liwe sawa na ncha ya zebaki.
Ukitazama kutoka juu namba itakudanganya,
ukitazama kutoka chini itakudanganya kinyume chake.
Soma desimali kwanza. Nne. Iandike.
Kisha ndipo usome ishirini na sita.
Kwa nini? Kwa sababu mwili wako ni jiko.
Ukikaa hapo ukishangaa
zebaki itaanza kukupima wewe,
na hakuna aliyeagiza habari zako.

Bi Asinati wa mihogo, pale stendi, ananicheka:
"Ishirini na nane? Njoo usimame kwenye karai langu!"
Hasemi uongo.
Anasema habari za mafuta, za kuni, za jua la utosini.
Mimi nasema habari ya hewa peke yake,
hewa ya kivulini, kimo cha kifua,
juu ya nyasi, mbali na bati, mbali na lami,
hewa ambayo haijaegemea kitu.
Ukitaka kubishana naye, kwanza nunua mhogo.

Hiki cha pili kimevaa utambi,
mguu mmoja ndani ya kikombe.
Kinakunywa maji yaliyopaa mvuke yakarudi matone.
Enzi za ndoo kupanda mteremko kichwani
watu walimsema sana mama yangu:
kipimajoto kinakunywa safi,
watoto wanakunywa ya paani, na mende wake.
Lakini utambi ukikauka
kitamwiga ndugu yake tu, kama mwanafunzi mvivu.
Siku za ukungu vyote viwili husema neno moja.
Oktoba mchana, huachana digrii nane,
na midomo yetu hupasuka.

Kile kilicholala ni cha usiku.
Ndani ya spiriti yake mna kijiti cheusi.
Baridi ikirudi nyuma hukivuta,
joto likija hukipita bila kukigusa,
kikabaki pale pale usiku ulipogeukia.
Julai, mikorosho ikitoa maua,
Bwana Likwata hupitia hapa na baiskeli:
"Kijiti kimelala wapi?"
Kumi na tano nukta nane.
Hasemi kitu. Huenda kutazama maua yake
kama kuna unga.

Sasa fungua daftari la zamani. Machi, tarehe kumi na tisa.
Unaona mstari? Hakuna namba, mstari tu.
Siku hiyo mama alikuwa chini ya khanga tatu na blanketi,
meno yakigongana, "baridi, baridi,"
na kile kidogo cha kwapani kikisema
thelathini na tisa nukta sita.
Juu yetu bati lilikuwa linalia kwa joto.
Nilikuwa na miaka kumi na sita,
na mwandiko wake naujua.
Jirani akasema: "Andika ishirini na saba,
si kila siku ni hiyo hiyo?"
Nikashika kalamu. Kweli, nilishika.
Nilikuwa nimeshaandika mkia wa mbili
sauti ilipotoka chini ya khanga:
"Umekwenda kuangalia?"
Sijaenda.
"Basi piga mstari."

Mkia huo bado upo, utazame, chini ya wino.
Walikuja wakubwa kutoka Dar wakauliza,
akawajibu: siku hiyo hewa ilikuwepo,
mimi sikuwepo.

Haya, saa tatu imefika.
Vuta pumzi. Ishike. Fungua.
Ngapi?
Usiniangalie mimi.